Pima Kwanza, Ndipo Utoe Kiti Mwendo

Mheshimiwa mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, maafisa ustawi wa jamii, wazazi, na ndugu zangu wa vyama vya watu wenye ulemavu. Walionisikia mwaka jana wanajua nitaanzia wapi. Naanzia palepale, kwa sababu bado hatujatoka palepale.

Lori linashusha viti mwendo, vyote saizi moja. Turubai linafungwa, mgeni rasmi anafika, majina yanasomwa. Mtoto wa miaka saba anakalishwa kwenye kiti cha mtu mzima, picha zinapigwa, makofi. Ukiuliza unajibiwa: "Atakikulia." Hapana, jamani! Shati la shule unaweza kulinunua kubwa, mtoto akalikulia. Kiti hakikuliwi hivyo. Mtazameni huyo mtoto. Paja lake ni fupi kuliko kiti, kwa hiyo goti halipati pa kukunjia, anateleza mbele na kukalia mfupa wa mkiani. Kiti ni kipana, inabidi aegemee upande mmoja ndipo mkono ufike kwenye gurudumu. Miguu inaning'inia. Akikaa hivyo mchana kutwa, mwezi kwa mwezi, mgongo unapinda, kifua kinabanwa, na kupumua nako kunakuwa kazi. Alikuja na ulemavu mmoja, tumemwongezea wa pili.

Niliwahi kuitwa nyumbani kwa kijana aliyeanguka mwembeni akavunjika uti wa mgongo. Kiti chake kilikuwa kipya, nailoni bado iko kwenye vishikio. Kililetwa bila mto, ni kitambaa tu kilichowambwa kati ya vyuma viwili. Mama yake akaniambia kuna harufu ndani ya nyumba, hajui inatoka wapi. Tulipomgeuza kijana, kidonda cha makalioni kilikuwa kimefika mfupani. Mwenyewe hakuwa na habari, maana kuanzia kiunoni kushuka chini hasikii kitu.

Najua kuna anayesema moyoni: si afadhali hicho kuliko kutambaa? Swali hilo naulizwa kila mahali, na jibu langu ni lile lile. Kidonda kama kile huingiza sumu kwenye damu, na watu wanakufa kwacho. Mtu amenusurika kuanguka mtini, halafu anauawa na msaada. Sikubali kuambiwa nichague kati ya kutambaa na kufa, wakati kuna njia ya tatu, na njia hiyo inaanza na tepu ya fundi cherehani.

Pima upana wa nyonga. Pima paja, kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, na kiti kiwe kifupi kidogo kuliko hapo ili ukingo usikate mishipa. Pima kutoka nyuma ya goti hadi kisigino, ujue pa kukanyagia pakae wapi. Weka mto wa sponji ngumu, si ile inayolala bapa ndani ya wiki mbili. Kisha mfundishe mwenye kiti kujiinua au kuinama mbele mara kwa mara, na kujikagua ngozi kwa kioo kila jioni. Uliza pia anaishi wapi. Vile vigurudumu vidogo vya mbele vimetengenezwa kwa sakafu, mchangani vinazama. Wa kijijini apewe cha magurudumu matatu, chenye tairi ambazo fundi baiskeli wa palepale anaweza kuziba pancha.

Haya si mawazo yangu mimi. Shirika la Afya Duniani liliyaandika kwenye mwongozo wake wa mwaka 2008. Na wataalamu tunao, maana chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC, Moshi, kinafundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi tangu 1981.

Mheshimiwa mmoja ataniambia halmashauri tayari inatenga asilimia 2 ya mapato yake ya ndani kwa watu wenye ulemavu. Ile ni mikopo, mheshimiwa, ya kufuga kuku na kufungua genge. Kiti ni kifaa cha tiba, kinahitaji fungu lake. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 20 inataja kutembea na kupata vifaa vya kutembelea. Mwaka uliofuata tukatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9. Hatuombi sadaka hapa, tunadai kilichokwisha kuandikwa.

Naona karatasi ya muda inanyanyuliwa. Ajira nitaigusa tu: sheria hiyo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Waliopo hapa wakahesabu ofisini kwao kesho. Majengo: kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za mteremko. Kibaraza cha sentimita 30 kinataka mita 3.6, si ule ukuta mnaomwaga zege na kuuita njia ya walemavu. Na mlango wa choo usipungue sentimita 80, maana wasichana wetu shuleni wanaacha kunywa maji asubuhi wasije wakahitaji choo wasichoweza kuingia.

Mama pale nyuma umenyoosha mkono tangu nilipotaja mto. Mpelekeeni kipaza sauti.