Kisu cha Porini na Kisu cha Kurusha: Kimoja au Viwili?

SHABANI: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo ni visu visivyokunjwa, na swali ambalo watu hawachoki kuliuliza: nataka kisu kimoja cha bei nafuu, mchana nichonge nacho kambini, jioni nikirushe kwenye gogo. Dada Neema, kipo?

NEEMA: Madukani vinauzwa kwa jina hilo. Lakini kazi hizo mbili zinagombana kwenye chuma chenyewe. Cha kuchonga kinataka chuma kigumu ili makali yakae, na kwa Rockwell C, kipimo cha ugumu wa chuma, hapo ni 56 hadi 60. Cha kurusha kinataka kati ya 45 na 52 hivi, chuma kinachokubali kupinda kidogo kikarudi. Kisu kigumu kikigonga gogo kwa ubavu, ncha inakatika kama kigae.

SHABANI: Na kile kipande hakichagui pa kwenda.

NEEMA: Ndiyo maana nasema nunua viwili vya bei ndogo. Kimoja cha bei kubwa hakikusaidii.

SHABANI: Haya, tuanze na cha porini. Hapo ndipo watu wanapopoteza pesa.

NEEMA: Wanapoteza kwenye unene. Ushauri mwingi wa Marekani unakusukuma ununue kisu cha milimita 5 au 6, bapa refu, ili upasulie kuni kwa kugonga mgongo wake na gongo. Sisi kazi hiyo ina mwenyewe, panga. Kama panga lipo, kisu kibaki na kazi za kisu: kuchonga vigingi, kukata kamba, kupasua samaki, kuchuna ngozi. Bapa la sentimita 10 lenye unene wa milimita 2.5 linatosha, tena linakata kuliko lile nene.

SHABANI: Umeielezea Mora Companion ya Uswidi bila kuitaja. Bapa milimita 104, unene huohuo 2.5, ala ya plastiki, na Marekani kwa kawaida haifiki dola 30.

NEEMA: Nyongeza ni kwamba kuinoa hakuna mafumbo. Ubavu wa makali ni mteremko mmoja mpana ulionyooka. Unaulaza wote juu ya jiwe na kusukuma, hukisii pembe. Ipo ya chuma cha kaboni na ya stenlesi. Ukiwa Tanga, Lamu au Pemba, popote penye hewa ya chumvi, chukua stenlesi. Ya kaboni inashika makali upesi, lakini ukikatia ndimu ukaisahau bila kuifuta, kesho yake ina madoa. Anayeipenda apake mafuta kidogo ya kupikia kila anapoirudisha kwenye ala.

SHABANI: Na msuka wake, ule mkia wa chuma unaoingia kwenye mpini?

NEEMA: Haufiki mwisho wa mpini. Kwa kuchonga si tatizo. Lakini kirushe uone: kikigonga gogo kwa kisigino cha mpini, mshtuko wote unaishia pale msuka unapokomea, plastiki inapasuka au kisu kinaanza kucheza. Na visu vya mpini wa mbao vya sokoni, hata kwa kuchonga, kagua kwanza. Ukiona ribiti moja tu karibu na bapa, msuka ni mfupi. Ribiti mbili au tatu, na chuma kikionekana kuzunguka mpini hadi nyuma, hicho nunua.

SHABANI: Sasa cha kurusha. Cold Steel wanavyo vya chuma cha 1055, yaani kaboni kama asilimia 0.55, na si ghali kule kwao. Ila unahitaji angalau vitatu vinavyofanana, la sivyo unashinda ukitembea kwenda kuchomoa. Vitatu pamoja na kusafirisha, hesabu inabadilika.

NEEMA: Ndipo anapoingia fundi na springi ya gari, ile ya vyuma bapa vilivyopangwa. Na hapa kuna jambo mafundi wengi hulifanya kwa nia njema wakaharibu: wanaitia motoni, wanaifua, wanaizimisha. Ya nini? Springi imetoka kiwandani na ugumu wa 42 hadi 48 hivi, ambao unakaribia ule tunaoutaka. Mwambie akate kwa grainda tu, asiipashe moto.

SHABANI: Grainda nayo inapasha. Chuma kikigeuka bluu pembeni?

NEEMA: Bluu haina neno. Rangi ile inakuja kwenye nyuzi 300 hivi, na springi kiwandani, baada ya kuzimishwa, ilipashwa tena kwa zaidi ya 400 ili ipunguze ukakamavu. Ikifika wekundu ndipo umeilainisha. Awe na ndoo ya maji karibu, akate kidogo, achovye.

SHABANI: Toa vipimo, watu waandike.

NEEMA: Urefu sentimita 30, upana 3.5 pale panapozidi, unene 5 au 6. Milimita, jamani, hiyo ya mwisho! Kwa umbo hilo utapata gramu 300 kwenda 350. Springi ya pikapu ndogo ndiyo inayofaa. Ya lori ni nene mno, utalipa grainda siku nzima. Mpini usiwekwe mbao wala ribiti, chuma kitupu, kingo zimelainishwa kwa tupa na msasa. Na kisinolewe pembeni, ncha peke yake. Kipime juu ya kidole: kikitulia karibu na katikati, utaweza kukishika upande wowote.

SHABANI: Springi kuukuu huwa na nyufa.

NEEMA: Sana, hasa kuzunguka tundu la bolti ya katikati, kwa hiyo sehemu hiyo iachwe kabisa. Iliyobaki isugue hadi ing'ae, paka mafuta ya taa, subiri robo saa, futa ikauke, kisha pitisha chaki. Penye ufa mafuta yatarudi juu na kuchora mstari kwenye chaki.

SHABANI: Na fundi akikupa flatibaa ya kawaida, ule ubao wa chuma laini, akasema ni springi?

NEEMA: Bana kwenye jiriwa, uivute kidogo pembeni. Springi inarudi ilikotoka, flatibaa inabaki imepinda. Au tazama cheche za grainda: za springi zinapasuka matawi-matawi, za flatibaa ni mistari mirefu mitupu. Akikuletea tupa kuukuu, kataa pia. Tupa ina ugumu zaidi ya 60, ukiirusha itakatika.

SHABANI: Tumalizie na gogo, maana hata kisu kizuri kinarudi usoni gogo likiwa baya.

NEEMA: Mkaratusi na mvinje ni vigumu, viache. Paini, msufi au mwembe ni sawa. Kata kipande cha kipenyo cha sentimita 40 na zaidi, unene 10 hadi 15, ukisimamishe uso uliokatwa, wenye pete za mti, ukuelekee wewe. Ncha inaingia kati ya nyuzi za mbao badala ya kuzikata. Kimwagie maji usiku kabla ya kutumia. Mti ulio hai usiuguse, gamba likijeruhiwa ukungu unaingia.

SHABANI: Umbali je?

NEEMA: Ukishika mpini na kisu kizunguke mara moja, anza mita 3.5 hivi. Ukishika bapa, nusu mzunguko, mita 2. Kisha kisu chenyewe kitakuelekeza. Kikigota mpini ukiangalia juu, kimezunguka kupita kiasi, sogea mbele sentimita 15. Mpini ukiangalia chini, rudi nyuma kiasi hichohicho. Usikaze mkono ili kurekebisha, rekebisha kwa miguu.

SHABANI: Na watazamaji?

NEEMA: Nyuma ya mrushaji, mita 3 au zaidi, pembeni asikae mtu. Viatu vya kufunika vidole, miwani. Visu vikigongana kwenye gogo huota meno madogo ya chuma kwenye kingo, na hayo ndiyo yanayochana vidole unapochomoa. Pitisha tupa kabla hujavirudisha kwenye begi.