Tundu la Mti Halipandwi

Mwangaluka wote. Wazee wangu, walimu wenzangu, na ninyi vijana mliosimama mlangoni, sogeeni mbele, viti bado vipo.

Nimeombwa nizungumzie wingi wa aina za mamalia katika misitu ya nchi za joto. Walionisikia miaka iliyopita wanajua nitaelekea wapi. Nitaelekea hukohuko, kwenye matundu ya miti mizee, kwa sababu bado tunapima msitu kwa idadi ya miche.

Tuanze na pimbi. Ukivuka kwenda kisiwa cha Saanane, hapa Mwanza, jua likiwa limeanza kuchoma, utamkuta amejilaza juu ya jiwe na jamaa zake wote. Mtazame nyayo. Ni ngozi laini, ina unyevu, na ndiyo inayomnatisha kwenye mwamba ulioinama mahali ambapo kiatu changu kinateleza. Sasa pimbi ana ndugu yake, perere. Ukiwaona wamekaa pamoja utadhani ni baba mmoja mama mmoja. Ila perere ni wa msituni: analala mchana, anatoka usiku, na maisha yake yako juu ya miti.

Nikiwa mwanafunzi nilikaa Amani, kule Usambara Mashariki. Usiku mmoja mzee aliyekuwa akituongoza alisimama, akasema, "Wanangu, zimeni tochi." Tukazima. Kimya. Kisha juu yetu ikaanza sauti kama bawaba kavu ya mlango, kra, kra, kra, ikapanda na kupanda mpaka ikawa ukelele wa mtu anayekabwa. Mimi nilimshika mzee mkono. Akaniambia, "Usiogope, ni perere huyo. Anawaambia wenzake nyumba hii ina mwenyewe."

Asubuhi akanirudisha palepale. Chini ya shina punje za kinyesi zilikuwa zimelundikana, za jana juu ya za zamani. Juu, usawa wa kama watu watatu waliosimamiana mabegani, palikuwa na tundu, na mdomo wake umelainika kwa kupitiwa. Nilimuuliza mzee kama perere ndiye aliyelichimba. Akatikisa kichwa. Tawi lilivunjika, mvua ikaingia kwenye kidonda, kuvu wakaula moyo wa mti polepole huku gome likiendelea kuishi. Kazi hiyo inachukua miaka mingi kuliko umri wangu mimi ninayezungumza hapa.

Msonobari wa shambani kwa kawaida unavunwa kabla haujafika miaka 30. Mkaratusi wa nguzo hata nusu ya hapo haufiki. Tundu litapatikana saa ngapi? Na wanaolitegemea si perere peke yake. Komba analala humo, popo wa aina kadhaa wanalala humo, kanu, yule mnyama mdogo kama paka, analelea watoto humo. Ukikata mti mmoja mzee ukapanda miche elfu, umewavunjia wote hao nyumba, na miche elfu haijawapa hata chumba kimoja.

Najua kuna anayesema moyoni, "Mwalimu, watu wanataka kuni na nguzo." Ni kweli, na mimi napikia kuni. Pandeni mikaratusi, ila liiteni shamba la miti. Msiliandike kwenye taarifa kwamba ni msitu uliorudishwa.

Mwingine atanitajia Rubondo, kisiwa kilichomo Ziwa Victoria. Si sokwe waliletwa pale kwa meli na wakastawi? Waliletwa, naam, kati ya 1966 na 1969, wengine wakiwa wamekaa miaka kwenye bustani za wanyama za Ulaya. Walifunguliwa vizimba, wakaingia porini, wakajifunza upya kula matunda ya msituni na kujitengenezea viota vya kulalia juu ya miti. Lakini walikuta nini? Walikuta msitu mkubwa uliokwisha kukomaa, mikuyu na mitambaazi yake. Mnyama hakai mahali kwa kuwa pana kijani. Nzohe, swala wa majini ambaye ni mwenyeji wa Rubondo, kwato zake ndefu zimeumbwa kwa matope na mafunjo. Mpeleke Amani, atafanya nini kwenye mteremko?

Ndiyo maana msitu mmoja haulipi deni la mwingine. Minziro, kule Missenyi mpakani na Uganda, ni msitu wa maji, na viumbe wake wengi ni ndugu za wale wa Kongo. Huwapati Usambara. Kipunji, ambaye ni kima, yuko Rungwe, Livingstone na Udzungwa tu, dunia nzima. Wanasayansi walimtangaza 2005, wakati wenyeji wa Rungwe walikuwa na jina lake tayari.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Popo na wanyama wagugunaji kama panya, ambao kwa pamoja ni zaidi ya nusu ya aina zote za mamalia duniani, nimewapunja, na kamera za kufunga kwenye miti, ambazo zinaona wa chini na kumkosa mbega wa juu, sikuzigusa kabisa. Maswali nitajibu nje. Ila leo saa kumi na mbili jioni nitakuwa chini ya mkuyu ule mzee nyuma ya ukumbi huu. Una matundu mawili upande wa ziwani. Njooni na tochi, mje bila kelele, tuhesabu wanaotoka.