Kabla Hujapandisha Bei: Kukagua Chupa ya Wiski ya Mnada

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Najua wapo humu wasiotia pombe mdomoni, ila wanauza, wanatoza ushuru au wanatunza mali za wateja. Mada inawahusu wote, kwa sababu anayenunua wiski mnadani hanunui kinywaji peke yake. Ananunua ushahidi. Ukipungua ushahidi, bei inapungua, hata kama kilichomo ndani ni kitamu namna gani.

Tuanze na chupa iliyovunja rekodi. Mnamo Novemba 2023, Sotheby's, nyumba ya minada ya London, iliuza chupa ya wiski ya Uskoti, Macallan ya 1926, kwa takriban pauni milioni 2.19. Nyundo iligongwa kwenye pauni milioni 1.75, kilichobaki ni kamisheni ya mnunuzi, yaani ada ya nyumba ya mnada juu ya bei ya nyundo, na hiyo tutairudia. Wiski hiyo ilikaa miaka 60 ndani ya pipa namba 263, ikatiwa chupani mwaka 1986, zikapatikana chupa 40 tu. Uchache huo umetokana na pipa lenyewe. Kule Uskoti pipa hupoteza karibu asilimia 2 ya kilichomo kila mwaka kwa kuvukia nje ya mbao. Na wiski huzeeka ndani ya pipa tu. Ya miaka 12 iliyofungwa chupani mwaka 1970 ni ya miaka 12 hadi leo, kwa hiyo anayekuambia "imekaa kabatini kwa babu miaka 40, imezidi kukomaa" anakuuzia maneno.

Sasa shika chupa. Anza na lebo, kwenye ujazo na nguvu ya kinywaji, kwa kuwa hapo waghushi wengi hukamatika. Chupa za Uingereza za kabla ya 1980 huandikwa wakia za ujazo 26⅔, na nguvu huandikwa digrii 70 za kipimo cha zamani, ambazo ni sawa na asilimia 40. Kuanzia 1980 utaona 75 cl (sentilita) na asilimia. Kuanzia takriban 1990, soko la Ulaya likahamia 70 cl. Basi chupa ya Uingereza ikidaiwa ni ya 1965 na lebo inasema 70 cl, irudishe mezani. Chupa za soko la Marekani zilizofungwa tangu mwishoni mwa 1989 zina onyo la serikali kuhusu afya. Zikiwa nalo na huku zinadaiwa kuwa za 1975, mazungumzo yameisha.

Pili, chukua ile taa ya kukagulia noti, ya kawaida kabisa, inapatikana Kariakoo. Zima taa za chumba, mulika lebo. Karatasi za kisasa nyingi zimetiwa dawa ya kung'arisha, zinawaka rangi ya buluu. Lebo ya miaka ya 1930 haitakiwi kuwaka hivyo. Halafu weka lenzi juu ya maandishi: ukiona vitone vidogo vya printa ya wino kwenye lebo inayodaiwa kuwa ya kale, umepata jibu.

Tatu, kimo cha kinywaji. Omba picha ya chupa imesimama wima, mwanga ukitokea nyuma yake. Chupa yenye miaka 50 kwa kawaida imeshuka kidogo, shingoni au mabegani. Ikiwa imejaa pomoni huku foili imechakaa, uliza kwa nini. Huenda ni chupa halisi iliyojazwa upya.

Vipimo vya maabara vipo, na matokeo yake yanatisha. Mwaka 2018 SUERC, kituo cha utafiti cha vyuo vikuu vya Uskoti, kilipima chupa 55 za wiski adimu kwa kaboni-14 (aina ya kaboni yenye mnururisho), na 21 zikaonekana ni bandia au si za mwaka uliodaiwa. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliongeza kaboni-14 hewani, shayiri ikaivuta, na alama hiyo haifutiki kwenye kinywaji. Ndivyo ilivyogundulika kuwa wiski iliyouzwa kama ya 1878 kwenye hoteli moja ya St. Moritz, Uswisi, glasi moja kwa faranga 9,999, ilitengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Gharama. Tuseme nyundo imegongwa kwa pauni 1,000 na kamisheni ni asilimia 25: unadaiwa 1,250. VAT ya Uingereza, asilimia 20, hutozwa juu ya kamisheni: 1,300. Ongeza usafiri na bima. Ikifika hapa Tanzania, forodha huhesabu kwa thamani yenye usafiri na bima ndani yake. Unakuja ushuru wa forodha, kisha ushuru wa bidhaa, na VAT ya asilimia 18 juu ya vyote hivyo. Mwombe wakala wako wa forodha akupigie hesabu kabla hujatoa bei, siyo mzigo ukiwa bandarini.

Kuhifadhi hapa Dar ndiko kunakoumiza zaidi. Mvinyo hulazwa, wiski husimama, maana pombe kali ikigusa kizibo mfululizo hukila. Joto la mchana hutanua kinywaji na kusukuma kizibo, usiku kinasinyaa na kuvuta hewa ndani. Kwa hiyo isiwe chini ya bati wala kwenye rafu inayotazama dirisha. Tafuta chumba cha ndani, chenye giza, ambacho hakichemki umeme ukikatika. Unyevu wetu huotesha ukungu kwenye lebo: zungushia chupa nailoni laini ya jikoni, ila usibandike gundi yoyote juu ya karatasi. Friji usiitumie, majimaji yake yanabandua lebo.

Na ninyi wenye baa na hoteli: chupa tupu za wiski ghali zina wanunuzi, na wengi wao wanataka kuzijaza. Ikishaisha, chana lebo, toboa kizibo, vunja chupa siku hiyohiyo, mbele ya msimamizi.