Umesukia Wapi?

Asanteni. Kaeni, kaeni tu. Nimepewa mada nne za leo kuhusu kufungua saluni: jina, eneo, vifaa na hesabu. Nawaambia mapema kwamba tukifika kwenye hesabu mshukuruni Mungu, kwa sababu mimi ni mtu wa jina. Nalisema kila ninapopewa nafasi, na nitaendelea kulisema, maana kila mwaka naona kilekile. Msusi mikono yake ni dhahabu. Anakopa, anapanga chumba, ananunua draya mbili na kioo cha ukuta mzima, halafu jina analitafuta usiku mmoja kwa kuwa fundi wa bango anakuja kesho asubuhi.

Kabla hatujataja jina lolote, mtazameni mteja wenu. Ametoka kwako jana jioni, umemsuka kwa muda wa saa sita, mgongo unakuuma. Leo yuko kazini. Mwenzake anasimama nyuma ya kiti chake, anashika msuko mmoja, anaugeuza aone ulivyoanzia kwenye ngozi, kisha anauliza: "Umesukia wapi?"

Hapo ndipo biashara yako ilipo, kwenye mdomo wa huyo mteja, kwa muda wa pumzi moja. Akijibu bila kusita, umepata mtu wa pili. Akianza kusema, "Pale... wana jina fulani hivi, mimi hata siliwezi, lakini nitakuelekeza," umeshampoteza. Mwenzake hatarudi kuelekezwa. Ataingia saluni ya kwanza atakayokutana nayo njiani.

Hili sikulisoma popote. Saluni yangu ya kwanza niliiita Jumba la Urembo wa Kifalme na Mitindo ya Kisasa. Nililiwaza wiki nzima, na kila neno nililiona lina kazi yake: jumba lilete ukubwa, kifalme lilete hadhi, kisasa liwavute vijana. Fundi alihangaika nalo. Herufi zilianza kubwa kushoto, zikazidi kubanana kuelekea kulia, na neno la mwisho likawa limejikunyata ukingoni mwa ubao. Mlangoni nikatundika pazia la kijani, kitambaa kizito, ili jua la mchana lisimpige mteja usoni. Sikulifikiria tena.

Baada ya miezi kama mitatu akaingia mama mmoja nisiyemjua. Akauliza, "Ndiyo hapa Pazia la Kijani?" Nikamwambia, hapana mama, hapa ni Jumba la Urembo, na nikamtajia jina lote mpaka mwisho. Akanisikiliza kwa adabu, akaligusa pazia, akakaa kitini. Nikamuuliza nani kamwelekeza. Akanitajia mteja wangu wa siku nyingi, mtu anayekaa kwenye kiti changu kila wiki mbili! Basi nikaanza kutega sikio. Simu ya mteja ikilia kichwa kiko mikononi mwangu, namsikia: "Niko Pazia, nikimaliza nakuja." Wote. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulitamka jina langu.

Na bado sikuelewa. Pazia likapauka, nikalitoa, nikaweka jeupe. Wiki mbili zilizofuata sizisahau. Niliwaona watu kwa macho yangu wakifika mbele ya mlango, wanatazama kushoto, wanatazama kulia, wanaendelea na safari. Mmoja aliniambia baadaye, "Tulidhani umehama." Bango lilikuwa juu ya kichwa chake! Nikanunua kitambaa kingine cha kijani, nikamwita fundi, nikamwambia afute kila kitu aandike neno moja: Pazia.

Kwa hiyo nikikwambia mdomo wa mteja hautaki mzigo, nimelipia somo hilo. Jina refu watu watalikata tu. Swali ni watalikata wapi, na kipande kitakachobaki ni cha nani. Ukiita saluni yako "Saluni ya Kisasa ya Zawadi", watu watasema "kwa Zawadi", vizuri. Ukiiita "Kituo cha Urembo na Mitindo", watakata wabakize nini? "Pale kituoni." Hilo si jina, hata mabasi yana kituo. Chukua jina lako, mpe mtoto wa miaka kumi alitamke mara tatu haraka haraka, usikilize anachobakiza mara ya tatu. Hicho ndicho wateja watakachokuita.

Naona mtu pale nyuma anatikisa kichwa. Najua unachotaka kusema, binti yangu, naambiwa kila siku: jina la kigeni lina hadhi. Mimi sina ugomvi na maneno ya kigeni. Neno saluni lenyewe ni la Kifaransa, lilikuwa ukumbi wa kupokelea wageni. Shampuu imetoka Kihindi, kwenye kitenzi cha kukanda na kuchua. Tumeyapokea kwa sababu yalikubali kukaa mdomoni mwetu. Ninachokataa ni jina ambalo mwenye saluni mwenyewe analitamka akisitasita, na mteja anaona aibu kulijaribu mbele ya watu. Hadhi gani hiyo inayomnyamazisha mteja? Hata Wafaransa wenyewe walijifunza. Mwaka 1909 mkemia Eugène Schueller alianzisha kampuni ya rangi za nywele. Jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Kampuni ya Kifaransa ya Rangi za Nywele Zisizo na Madhara. Kila neno lilikuwa la kweli, na lote halibebeki. Leo dunia nzima inaijua kwa jina fupi lililotokana na jina la rangi yake ya nywele: L'Oréal.

Wengine mnataka kutumia majina yenu wenyewe. Ni jambo zuri, na lina historia kubwa kuliko mnavyodhani. Sarah Breedlove alizaliwa mwaka 1867 Louisiana, Marekani, kwa wazazi waliokuwa wametoka utumwani. Alifua nguo za watu kwa miaka mingi. Mwaka 1906 akaolewa na Charles Joseph Walker, na bidhaa zake za nywele akaziuza kwa jina la Madam C. J. Walker. Litazameni hilo neno la mwanzo, Madam. Siku zile katika nchi ile, mwanamke mweusi mtu mzima aliitwa kwa jina lake la kwanza hata na mtoto wa tajiri wake. Yeye akaweka heshima yake mbele ya jina, ikachapwa kwenye kopo. Usingeweza kununua mafuta yale bila kumwita kwa heshima. Ndoa ikavunjika baadaye, jina akabaki nalo, na alipofariki mwaka 1919 maelfu ya wanawake walikuwa wakiuza bidhaa zake wakijitambulisha kwalo. Nikilifikiria neno hilo moja moyo wangu unajaa. Huyo alijua jina linafanya kazi gani.

Lakini jina lako mwenyewe lina mtego. Siku ukiuza biashara, unaliuza na lenyewe. Vidal Sassoon, aliyefungua saluni yake London mwaka 1954, aliuza biashara ya bidhaa zenye jina lake miaka ya themanini. Mwaka 2003 alikuwa mahakamani akiishtaki kampuni iliyokuwa ikilimiliki jina hilo, Procter & Gamble, akidai hawalitunzi. Jaribu kuona hali hiyo: unasoma jina lako kwenye chupa, na huna la kuamua juu yake. Kama una ndoto ya kuuza siku moja, fikiri kwanza. Elizabeth Arden, mfanyabiashara wa vipodozi, alikwepa hilo kwa njia yake: jina alilozaliwa nalo ni Florence Nightingale Graham. Elizabeth Arden alilitunga.

Sasa jaribio jingine, na hili mkalifanye kweli. Washa draya mbili. Mpigie simu mtu asiyejua jina ulilochagua, mtajie mara moja tu, akuandikie alichosikia. Simu za zamani zilitengenezwa kupitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,400, yaani mitetemo kwa sekunde, na nyingi bado ziko hivyo. Mlio unaoitofautisha F na S uko juu ya hapo, unakatwa. Ndiyo maana kwenye simu mtu anakwambia "Fahari" wewe unasikia "Sahari". Weka na mvumo wa draya juu yake uone. Msusi anapokea simu bega limebana sikio na mikono imo kichwani mwa mtu, saluni nzima inavuma. Jina lenye M, B, K, na irabu zilizo wazi, linapita. Jina lenye S tatu linafika likiwa upepo.

Naonyeshwa saa. Haya, haraka. Sheria: katika nchi nyingi, kusajili jina la biashara na kusajili alama ya biashara ni mambo mawili tofauti. Ya pili ndiyo inayokupa nguvu ya kumzuia anayekuiga. Kwenye mpangilio wa kimataifa wa Nice, unaogawa bidhaa na huduma katika madaraja ya kusajili alama, huduma za saluni ziko daraja la 44, mafuta na shampuu daraja la 3. Anayeota kuuza mafuta yake kwenye chupa asajili alama yake kwenye madaraja yote mawili. Na jina linaloeleza kazi tu, kama Nywele Nzuri, ni gumu kulilinda, kwani kila msusi ana haki ya kusema anatengeneza nywele nzuri.

Usijifunge kwa huduma moja: ukijiita Misuko, mtu wa kucha atakupita. Usiweke jina la mtindo unaovuma mwaka huu. Na tafadhali, tafadhali, acheni kuweka namba katikati ya neno na kuandika Z mahali pa S. Mteja akiambiwa jina kwa mdomo, atalitafuta kwenye simu kama alivyolisikia, na atampata mwingine mwenye tahajia ya kawaida.

Eneo, vifaa na hesabu wataeleza wenzangu, wanayajua vizuri. Mimi dakika zilizobaki nataka nizitumie hivi. Simameni, kila mtu amgeukie aliye karibu. Mmoja ni mteja, ametoka saluni ya mwenzake jana. Tusiandike chochote, tutamke. Anza wewe dada wa mbele, mwenye kitambaa cha njano. Nywele zako zimenivutia tangu niingie. Umesukia wapi?