Kijiko Kinaona Chumba Kizima

REHEMA: Haya, karibuni tena kipindini, tunazungumzia kupiga picha za bidhaa za kuuza. Leo sikuja na maswali yenu, nimekuja na kijiko. Kijiko cha chuma, cha kawaida kabisa. Kaka Salim, wewe mpiga picha, kimenishinda. Jana nimekaa nacho saa mbili, nimepiga picha zaidi ya sitini, na kila picha nimo mimi. Mimi, simu yangu, na kamba ya nguo iliyokuwa nyuma yangu.

SALIM: (anacheka) Nguo zimetoka vizuri?

REHEMA: Kuliko kijiko! Hadi vibanio vinahesabika.

SALIM: Basi kijiko hakina kosa, dada. Kitu kinachong'aa ni kioo, kinaonyesha kilicho mbele yake. Tutakirudia. Lakini baada ya hizo picha sitini ulifanya nini?

REHEMA: Nikaingia mtandaoni kutazama bei za kamera.

SALIM: Nilijua tu. Ungeinunua, ungepata kamba ile ile ya nguo, ila kwa megapikseli nyingi zaidi.

REHEMA: Aisee, umenisema.

SALIM: Nimejisema na mimi. Mwaka wangu wa kwanza nilibadilisha lenzi mbili na sikuwa na hata kipande kimoja cha kadibodi nyeupe. Kwa hiyo leo kamera tuiache kando kwanza. Una dirisha?

REHEMA: Dirisha ninalo.

SALIM: Jua linaingia moja kwa moja?

REHEMA: Asubuhi linaingia, mchana halipo.

SALIM: Basi piga mchana. Meza iweke ubavuni mwa dirisha, mwanga uje kutoka kando, au kando na nyuma kidogo ya bidhaa. Usitoke mgongoni mwako.

REHEMA: Subiri. Sisi wote tumekuzwa na ile ya "jua liwe mgongoni."

SALIM: Hiyo ni ya picha ya darasa zima, kila uso uonekane. Kwenye bidhaa, mwanga wa mbele unafuta vivuli, na bila kivuli mtu hajui kitu kina unene gani. Chukua taulo. Ulimulike kutoka mbele, linatoka kama karatasi yenye rangi. Hamishia mwanga kando, uwe chini chini unapita juu ya kitambaa, kila uzi unasimama. Taulo ni lile lile, ila sasa mteja anataka kulishika.

REHEMA: Na usiku je? Wengi wetu tunapiga tukishatoka kazini.

SALIM: Usiku utatumia taa, na hapo ndipo watu wanapopotea, kwa sababu wanauliza taa ina wati ngapi. Mimi nauliza ni kubwa kiasi gani. Tena ukubwa ule unaoonwa na bidhaa. Jifanye wewe ndiye chupa pale mezani, inua macho. Taa imeziba sehemu gani ya anga lako?

REHEMA: Kama ni balbu tupu, kinukta tu.

SALIM: Kinukta kinatoa kivuli chenye makali ya wembe. Jua lenyewe ni kubwa kuliko dunia, lakini liko mbali, kwetu ni kama sarafu angani, ndiyo maana kivuli cha jua kali ni kikali vile. Likifunikwa na mawingu, wingu zima linageuka taa na vivuli vinalainika. Sasa na wewe jitengenezee wingu. Tundika karatasi ya kuokea, au shuka jeupe jembamba, kati ya taa na bidhaa. Taa uirudishe nyuma kidogo ili mwanga uenee karatasi yote. Karatasi ndiyo inayokuwa taa.

REHEMA: Karatasi na balbu ya moto, jamani, msije mkatuchomea nyumba.

SALIM: Ahsante kwa hilo. Tumia LED, na hata hiyo iachie nafasi. Taa za zamani za halojeni zinaunguza, hizo msizisogezee karatasi hata kidogo.

REHEMA: Mimi nilikuwa nikiona kivuli kikali, naipeleka taa mbali. Naona kama inapoa.

SALIM: Karibu kila mtu anafanya hivyo, na kinachotokea ni kinyume. Ukiipeleka mbali inakuwa ndogo machoni pa bidhaa, kivuli kinazidi ukali. Ilete karibu hadi inakaribia kuingia kwenye fremu. Softiboksi, ile taa yenye boksi la kitambaa cheupe mbele, ya sentimita 60, ukiiweka nusu mita kutoka kwenye saa ya mkononi, kwa ile saa ni kama ukuta mzima. Iweke mita tatu, ni kidirisha.

REHEMA: Ila ikiwa karibu, upande mmoja unaungua na wa pili unazama gizani.

SALIM: Kweli, hiyo ndiyo gharama yake. Mwanga hupungua kwa kasi kuliko tunavyodhani. Umbali ukiwa mara mbili, mwanga unaofika ni robo, haubaki nusu. Kwa hiyo ukipanga chupa tatu kwa mstari kuelekea taa iliyo karibu sana, ya kwanza imeungua, ya tatu iko jioni. Zikiwa nyingi, taa isogee nyuma na karatasi iwe kubwa zaidi. Kikiwa kitu kimoja, upande wa giza simamisha kadibodi nyeupe. Isogeze huku ukitazama kwenye kioo cha simu, utaona kivuli kinafunguka kama mtu anavuta pazia.

REHEMA: Nyeusi je? Niliona mtu ameweka kadibodi nyeusi, nikadhani amekosea.

SALIM: Hakukosea. Nyeupe inaongeza mwanga, nyeusi inaunyonya. Ukiwa na kitu cheupe juu ya bakigraundi nyeupe, ukingo wake unapotea. Weka kipande cheusi ubavuni, nje kidogo ya fremu, ukingo unarudi. Mimi natumia nyeusi kuliko nyeupe siku hizi. Kadibodi mbili, upande mmoja nimepaka nyeusi, zimenidumu kuliko taa yoyote.

REHEMA: Hebu tuingie kwenye rangi, maana hapo nina kidonda. Niliuza mkoba wa ngozi, wa damu ya mzee. Mteja akapokea, akanipigia: "Dada, mimi nimeagiza wa rangi ya tofali." Nikafungua picha, kweli, upande mmoja ni tofali kabisa! Nikarudisha hela na nauli juu.

SALIM: Ulipiga wapi?

REHEMA: Dirishani, kama ulivyosema.

SALIM: Na taa ya chumbani?

REHEMA: ...Ilikuwa inawaka.

SALIM: Ndiyo hiyo. Rangi ya mwanga hupimwa kwa Kelvini: mwanga wa mchana uko kama Kelvini 5500, balbu ya nyumbani ya rangi ya manjano iko kama 2700. Jicho linazoea, kamera haizoei. Inachagua mwanga mmoja iuite mweupe, ule mwingine unageuka machungwa au bluu. Na huwezi kurekebisha kwenye programu kirahisi, kwa sababu ukipoza upande wa tofali, upande wa pili unageuka zambarau.

REHEMA: Nilijaribu! Uligeuka zambarau kweli.

SALIM: Zima taa zote ambazo si za kazi. Aina moja ya mwanga, basi. Halafu picha ya kwanza weka kadi ya kijivu karibu na bidhaa, uitumie kuweka mizani ya weupe, yaani kuiambia kamera nyeupe ni ipi, kwa picha zote zinazofuata. Na angalia ulivyovaa. Nimewahi kusimama na fulana nyekundu karibu na sahani nyeupe, sahani ikaona haya.

REHEMA: (anacheka) Na kununua taa za LED, mtu atazame nini? Kila boksi linasema "mwanga wa kitaalamu."

SALIM: Tafuta namba ya CRI, ile inayopima taa inavyoonyesha rangi kwa uaminifu. Mwisho wake ni 100. Kwa bidhaa nataka 95 na kuendelea. Taa yenye CRI ya chini inaweza kung'aa sana lakini nyekundu ikatoka kama imefifia. Na kuna LED za bei rahisi zinazopepesa. Huoni kwa jicho, ila picha inatoka na mistari ya kiza. Kwenye umeme wa hezi 50, taa ya hivyo hupepesa mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo weka shata, yaani muda ambao kamera inaruhusu mwanga uingie, 1/50 au 1/100 ya sekunde. Kwenye hezi 60, weka 1/60 au 1/120.

REHEMA: Taa ya duara je? Ninayo, sitaki kusikia nimeharibu hela.

SALIM: Hujaharibu, itumie kwa uso wako. Ukiiwasha mbele ya chupa, chupa inavaa pete nyeupe tumboni, na kila anayeiona anajua ulitumia nini.

REHEMA: Haya. Na vile viboksi vyeupe vyenye taa ndani?

SALIM: Ukiwa na hereni mia mbili za kupiga kwa siku moja, vinakuokoa. Lakini mwanga unatoka kila upande, kwa hiyo kila kitu kinakuwa bapa. Flashi leo tusiiguse, ni kipindi kizima.

REHEMA: Basi ninunue nini kwanza? Kimoja tu.

SALIM: Tripodi, stendi ya miguu mitatu ya kamera. Kijiko chako hakitembei, dada. Kamera ikitulia, mwanga hafifu si tatizo tena. Unaacha shata wazi robo sekunde, sekunde nzima, unabaki na ISO 100, yaani hulazimiki kuongeza wepesi wa kamera kuhisi mwanga, na picha haina chenga. Tumia taimu ya sekunde mbili, ili kidole chako kisiitikise.

REHEMA: Wenye kamera kubwa, tundu la lenzi?

SALIM: Namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo. Anza na f/8, nenda hadi f/11 kama nyuma ya bidhaa bado ina ukungu. Msikimbilie f/22 mkidhani ndiyo kali zaidi. Tundu likiwa dogo sana mwanga unatawanyika pembeni mwake na picha nzima inalegea. Wa simu, rudi nyuma, tumia lenzi ya 2x, ile inayovuta mara mbili. Ukiisogeza ile pana hadi puani mwa chupa, shingo inavimba na kitako kinasinyaa.

REHEMA: Na weupe unaotoka kijivu? Naweka karatasi nyeupe, napata jivu.

SALIM: Kamera inataka kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Ikiona nyeupe tele inadhani mwanga umezidi, inapunguza. Gusa kwenye bidhaa ufunge fokasi, kisha uinue mwanga kidogo, kituo kimoja, yaani mwanga mara mbili, au kimoja na nusu. Karatasi ipande ukutani kwa mkunjo mpana, bila kona, ili mstari wa meza usionekane. Soko kama Amazon linataka picha kuu iwe nyeupe tupu, yaani 255, namba ya juu kabisa, kwenye nyekundu, kijani na bluu, na bidhaa ijaze asilimia 85 ya fremu. Kufika huko kwa programu peke yake ni kuchoka bure.

REHEMA: Vumbi sitaki hata tulizungumzie.

SALIM: Tulizungumzie kwa sentensi moja: dakika tano za kitambaa laini kabla ya kupiga zinakuokolea saa nzima ya kufuta vidoa baadaye. Na shika bidhaa kwa glavu.

REHEMA: Sasa kijiko changu.

SALIM: Kilete hapa mezani. Tazama tumbo lake, unaona nini?

REHEMA: Dirisha, dari, wewe, mimi. Hata mlango ulio nyuma yetu.

SALIM: Kimejipinda, ndiyo maana kinaona karibu chumba kizima. Sahani bapa ya chuma ingeona upande mmoja tu, ungeinamisha kidogo ukajitoa. Kijiko hakikupi pa kujificha. Kwa hiyo badala ya kukimulika kijiko, tunapamba kile ambacho kijiko kinakiona. Shika hii karatasi ya kuokea, izungushe kama hema. Taa inabaki nje ya hema.

REHEMA: Eh! Kimekuwa cheupe chote.

SALIM: Kizuri?

REHEMA: Mmh. Kimekuwa kama cha plastiki.

SALIM: Kwa sababu chuma tunakitambua kwa weupe na weusi vikikaa jirani. Kata kipande cha kadibodi nyeusi, upana wa vidole viwili. Kiingize ndani ya hema, ubavuni. Kisogeze... kidogo tena... hapo.

REHEMA: Ala! Kimepata ukingo. Sasa ni chuma kabisa.

SALIM: Toboa tundu dogo kwenye karatasi, lenzi tu ipite, wewe ubaki nje. Piga.

REHEMA: Nimepiga. Kamba ya nguo haipo, mimi sipo... Hii nukta nyeusi katikati ni nini?

SALIM: Lenzi yako. Inachungulia tunduni.

REHEMA: Tunaiondoaje?

SALIM: Rudi nyuma, uvute kwa 2x, itapungua. Inamisha kijiko nyuzi chache, labda itaangukia kwenye ule mstari mweusi na kumezwa humo.

REHEMA: Imepungua... imesogea... bado ipo, kama punje.

SALIM: Hiyo punje utaifuta kwenye programu, sekunde kumi. Hapo hata mimi naifuta.