Namba Moja, Miraba Miwili, Njia Mbili

Ndugu zangu, leo nimekuja na namba moja tu: 4,294,967,297. Iandikeni hapo mlipo, maana tutakaa nayo.

Ni 2³² ukiongeza 1. Katika karne ya 17, Mfaransa Pierre de Fermat alizichunguza namba za ukoo huu, yaani 2¹, 2², 2⁴, 2⁸ na 2¹⁶, kila moja ukiiongeza 1: 3, 5, 17, 257, 65,537. Zote tano ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Ya sita ndiyo hii yetu. Fermat aliamini kwamba nayo ni tasa, na kwamba zote zitakazofuata zitakuwa hivyo hivyo. Uthibitisho hakuwa nao, na alilisema hilo waziwazi. Namheshimu kwa hilo.

Mwaka 1732 mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler akaonyesha kwamba namba hii inagawanyika kwa 641. Jibu la kugawanya ni 6,700,417.

Sasa, mtu angeweza kuanza na 2, kisha 3, kisha 5, akajaribu namba tasa moja moja. Angeifikia 641 kwenye jaribio la 116. Lakini Euler alithibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 64, lazima kibakishe 1. Zipiteni namba tasa zote chini ya 641 kwa chujio hilo, mtabaki na nne tu: 193, 257, 449 na 577. Ya tano ni 641 yenyewe. Majaribio 116 yamekuwa matano!

Hata hivyo, kinachonivuta zaidi mimi ni jambo jingine. Namba yetu ni jumla ya miraba miwili, na hilo halihitaji kutafutwa: 65,536² + 1². Ila iko na njia ya pili: 62,264² + 20,449². Msiniamini, kokotoeni. Mraba wa kwanza ni 3,876,805,696, wa pili ni 418,161,601. Jumlisheni.

Na namba tasa haiwezi kufanya hivyo. Ikiwa ni jumla ya miraba miwili, basi ni kwa njia moja tu. Hilo nalo tunalo kutoka kwa Euler. Kwa hiyo hata mtu ambaye hajawahi kusikia habari za 641, akiiona njia hiyo ya pili tu, anajua kwamba namba hii si tasa.

Njia hiyo imetoka wapi? Imetoka kwenye vigawo. 641 ni 25² + 4². Nayo 6,700,417 ni 2,556² + 409². Chukueni 25 na 4 za huku, 2,556 na 409 za kule, mzizidishe.

25 mara 2,556 ni 63,900. 4 mara 409 ni 1,636. Mkitoa mnapata 62,264, mkijumlisha, 65,536.

Sasa zivukisheni. 25 mara 409 ni 10,225. 4 mara 2,556 ni 10,224. Mkijumlisha mnapata 20,449. Mkitoa, mnapata 1, na ndiyo ile ile 1 iliyokaa juu ya 2³².