Julai ya Mkorosho Hupangwa Desemba

Wazee wetu, akina mama, vijana wa Newala, hamjambo. Nimepewa mada ya mazingira anayojikuta mtu na wajibu wake katika maisha. Mada hii ikianza barazani huishia kwenye mabishano: huyu atasema fulani mvivu, yule atasema kila mtu na riziki yake. Naomba tuipeleke shambani, kwenye mkorosho.

Msimu wa 1973/74 nchi yetu Tanzania ilivuna korosho tani 145,000 hivi. Msimu wa 1986/87 hazikufika hata 20,000. Je, watu wa kusini walivamiwa na uvivu wote kwa pamoja? Watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa, mikorosho ikabaki mbali. Bei ikawa haimlipi mkulima jasho lake. Juu ya hayo ukaja ubwiri unga. Hakuna mkulima aliyeyachagua hayo.

Sasa tuutazame huo ubwiri, maana hapo ndipo wajibu unapoonekana. Ni ukungu mweupe unaoshika machipukizi na maua machanga wakati wa baridi, asubuhi zenye umande. Ua likishashikwa hunyauka, huwa jeusi, hudondoka. Salfa, dawa ya unga inayopulizwa mtini, hukinga, haiponyi. Kwa hiyo kupuliza huanza maua yanapochomoza, robo kilo kwa mti, kisha hurudiwa kila baada ya wiki mbili hivi, mara nne au tano. Hupulizwa alfajiri, umande ungali kwenye majani na upepo umetulia. Jua likipanda, nusu ya unga mnampulizia jirani. Aliyechelewa mzunguko wa kwanza hawezi kuufidia kwa kumwaga salfa nyingi mzunguko wa tatu.

Basi mwenye kuchelewa, mbona kachelewa? Turudi nyuma. Januari mtoto anaingia sekondari. Februari na Machi chakula kimekwisha, mahindi mapya bado. Akiugua mtu hapo, anakuja mnunuzi wa kangomba, yaani wa korosho za magendo, anatoa pesa leo kwa korosho ambazo mti haujazitoa. Julai ikifika, mkulima hana pesa ya petroli, ya kukodi bomba la kupulizia wala ya kibarua. Ruzuku ya salfa inasaidia sana, lakini mfuko haujipulizi wenyewe, na ukifika kijijini maua yameshachanua, kazi imeharibika. Oktoba anavuna kidogo, na hicho kidogo kina mwenyewe. Kumkamata mnunuzi wa kangomba ni sawa kisheria, ila hakuweki unga jikoni mwezi wa pili.

Watu humlaumu mkulima huyu kwa Julai yake. Mimi naona Julai alikuwa ameshafungwa mikono. Mahali alipokuwa na nafasi ni Desemba, malipo ya mnada wa korosho yalipoingia. Na malipo yenyewe yakicheleweshwa mpaka Februari, lawama iende kwa waliochelewesha, tusimbebeshe yeye.

Desemba hiyo ndiyo ya ngoma, sare na spika za kukodi. Sisemi unyago ufutwe, mila ni zetu. Nasema hesabu ya shamba itoke kwanza. Mwenye miti 40, mizunguko mitano, anahitaji kilo 50, yaani mifuko miwili ya kilo 25. Atenge na petroli, kibarua, na mahindi ya kuvuka Machi. Hayo mahindi wengi huyasahau, kumbe ndiyo yanayomfukuza kangomba mlangoni. Salfa iliyobaki iwekwe juu ya mbao, pakavu. Ikishika unyevu huganda na kuziba bomba.

Halafu kuna mashamba pori. Mtu kaenda Dar es Salaam, mikorosho yake haijapogolewa wala kupaliwa, matawi yamefungamana, hewa haipiti, ubwiri unalelewa humo na upepo unauleta kwako. Uzembe wake yeye ndiyo mazingira yako wewe. Hilo halitatuliwi na mtu mmoja mwenye bomba. Linataka mkutano wa kijiji na sheria ndogo, na hapo najua mna maoni yenu. Mwenye shamba linalopakana na pori aanze kuuliza.